Mate ya mvutaji: kinachobadilika kabla fegi haijaisha

Wavutaji wengi wa Nairobi wana desturi moja: fegi ikizimwa, peremende inaingia mdomoni. Mwenye kibanda anaijua desturi hiyo, ndiyo maana kopo la peremende hukaa bega kwa bega na pakiti za sigara. Harufu hupungua kwa dakika chache, na mtu hurudi kazini au hupanda matatu akiamini mdomo umesafika. Haujasafika. Mate yenyewe yamegeuka, na yalianza kugeuka kwenye mvuto wa kwanza.

Mapafu yamezungumziwa sana, na ni haki yake. Mate hayatajwi, ilhali moshi hukutana nayo kabla haujafika kifuani. Nayaandika haya kwa sababu mtu akielewa kinachotokea ndani ya mate, ataelewa pia kwa nini fizi zake zinadhoofika bila kutoa damu, kwa nini meno yanatoboka pembeni karibu na ufizi, na kwa nini chingamu ya nikotini ya kumsaidia kuacha, aliyonunua kwa pesa nyingi, "haifanyi kazi".

Mate ni maji kwa takriban asilimia 99. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, kutoka jozi tatu za tezi kubwa: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Kuna pia mamia ya vijitezi vilivyotawanyika midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa. Ukiwa umetulia, tezi za chini ya taya hutoa kama theluthi mbili ya mate yote. Ukianza kutafuna, zile za mbele ya masikio huamka na kumwaga mate mepesi yenye bikaboneti nyingi, dawa ya asili ya kuzima asidi.

Kazi hufanywa na ile asilimia moja iliyobaki. Humo mna bikaboneti, na kalsiamu na fosfeti zinazorudisha madini kwenye enameli. Mna musini, ule ute unaofanya ulimi uteleze. Mna walinzi: imunoglobulini A, laisozimu, laktoferini. Mna vizuia oksidi kama asidi ya yuriki na glutathioni. Na mna kimeng'enya kimoja ambacho watu hawakisikii kabisa, nacho ndicho kinachoumizwa mapema zaidi na sigara: peroksidesi ya mate.

Hebu tukae hapo kidogo.

Bakteria wa mdomoni hutoa peroksidi ya hidrojeni, dawa ile ile inayouzwa madukani ya kuoshea vidonda. Ikirundikana, hujeruhi seli. Peroksidesi huichukua peroksidi hiyo, ikaiunganisha na chumvi iitwayo thiosayaneti ambayo imo ndani ya mate ya kila mtu, na kutoka hapo hutengeneza hipothiosayaneti. Hii ya mwisho huwabana bakteria wasitengeneze asidi ovyo. Kwa hatua moja tu sumu imeondolewa na wadudu wamezuiwa. Ni mpango mzuri ajabu.

Sasa moshi unaingia. Ndani yake mna sayanidi ya hidrojeni, na sayanidi hupenda chuma. Katikati ya peroksidesi pana chembe ya chuma, na hapo ndipo sayanidi hung'ang'ania. Sigara moja inatosha kushusha nguvu ya kimeng'enya hiki kwa kiwango kikubwa. Wakati huo huo, sayanidi iliyovutwa hadi mapafuni huingia kwenye damu na kufika kwenye ini. Ini huipunguza makali kwa kuifunga na salfa, nayo hugeuka kuwa thiosayaneti. Tezi za mate huivuta thiosayaneti kutoka kwenye damu na kuimimina mdomoni. Ndiyo maana mate ya mvutaji huwa na thiosayaneti mara mbili au tatu ya mate ya asiyevuta. Malighafi imejaa tele, fundi amefungwa mikono. Jikoni pana gunia zima la unga na hakuna wa kusonga ugali.

Peroksidi iliyokosa wa kuishughulikia haikai bure. Ikikutana na chuma kilicho huru, kwa mfano kutoka kwenye damu inayovuja kwenye fizi zenye uvimbe, hutoa chembe kali mno zinazochoma protini, mafuta ya seli na hata DNA. Kwa kawaida glutathioni ingezizima baadhi ya chembe hizo, lakini nayo imeshaliwa. Moshi una kemikali kali ziitwazo aldehidi, hasa akrolini na krotonaldehidi, ambazo hushika sehemu zenye salfa katika protini, na glutathioni ndiyo yenye salfa iliyo wazi kuliko nyingi. Amilesi, inayoanza kumeng'enya wanga wa ugali na chapati, hupungua nguvu vilevile. Hasara ya amilesi yenyewe si kubwa, maana kongosho hutoa nyingine ya kutosha. Inachotuonyesha ni kwamba moshi haupiti tu juu ya mate. Unayachokoza hadi ndani ya protini zake.

Kuna jambo jingine linalohusu mboga, na nalisema kwa uangalifu kwa sababu sitaki mtu aache sukuma wiki. Mchicha, managu na mboga nyingine za majani zina naitreti. Ukishaila, sehemu yake huzunguka na damu hadi kwenye tezi za mate, hurudi mdomoni, na bakteria wa mgongoni mwa ulimi huigeuza kuwa naitraiti. Kwa asiyevuta hii ni neema, kwani naitraiti husaidia mishipa ya damu kulegea. Kwa mvutaji, naitraiti hiyo hiyo hukuta mdomo umejaa nikotini na ndugu yake nornikotini, na kutoka hapo huweza kutengenezwa nitrosamini za tumbaku, ambazo ni visababishi vya saratani. Mate yakishamezwa, ile thiosayaneti ya ziada huharakisha utengenezaji wa nitrosamini ndani ya asidi ya tumbo. Kosa si la mboga.

Pombe huongeza balaa lake. Moshi una asetaldehidi, sumu inayoweza kuleta saratani, na bakteria wa mdomoni nao hugeuza pombe kuwa asetaldehidi papo hapo, kabla ini halijaiona. Mdomo wa mvutaji huifanya kazi hiyo kwa bidii zaidi ya mdomo wa asiyevuta. Anayevuta huku anakunywa huwa na mate yenye asetaldehidi nyingi kuliko anayefanya moja tu kati ya hayo mawili, na hili ni sehemu ya sababu saratani ya mdomo na koo huwapata zaidi wanaochanganya.

Je, mate hupungua? Watafiti hawakubaliani kwa sauti moja. Kwa dakika chache sigara huongeza mate, kwa sababu moshi unawasha. Kwa wavutaji wa miaka mingi, vipimo vingi vimekuta mate machache na yenye asidi zaidi, na vingine havikuona tofauti ya maana. Kwa hiyo usibishane na mtu. Pima mate yako mwenyewe, ni kazi ya dakika tano.

Chagua asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano. Kwa dakika 90 kabla ya kipimo usile, usinywe chochote isipokuwa maji, usipige mswaki na usivute. Nunua bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano na uwe na kikombe kidogo safi. Kaa wima, inamisha kichwa mbele kidogo, meza mate yote yaliyomo mdomoni, kisha anza kuhesabu saa. Usimeze tena. Usinyonye mashavu, usisogeze ulimi, usiongee. Acha mate yajikusanye chini ya ulimi na uyatiririshe kikombeni yanapojaa. Zikitimia dakika tano, tema yaliyobaki, vuta yote kwa bomba na usome.

Wengi hukosea kwenye povu. Mate ya mtu aliyetulia hutoka na mapovu, na ukisoma juu ya mapovu utajidanganya kwa nusu mililita nzima. Subiri yatulie au soma pale yanapoanza maji halisi. Kosa jingine ni kupima ukiwa na kiu au mafua, au wakati harufu ya mandazi inatoka jikoni. Mizani ya jikoni inayoruka kwa gramu moja moja haifai hapa. Kiasi chenyewe ni kidogo mno.

Gawanya ulichopata kwa tano. Wastani wa mtu mzima mwenye afya ni mililita 0.3 hadi 0.4 kwa dakika, yaani 1.5 hadi 2 kwa dakika tano. Ukipata mililita 0.1 kwa dakika au chini ya hapo, tezi zako hazifanyi kazi inavyopasa na unahitaji daktari wa meno, uvute au usivute. Baadaye rudia huku ukitafuna. Maabara hutumia kipande cha nta isiyo na ladha, na nyumbani unaweza kutumia chingamu isiyo na sukari ukiacha dakika mbili za kwanza ladha ipungue. Sasa unatarajia mililita 1 hadi 3 kwa dakika. Chini ya 0.7 ni kidogo. Kama ya kutulia ni machache lakini ya kutafuna ni mengi, tezi bado zina uwezo na kutafuna kutakusaidia. Kama yote mawili ni machache, chingamu haitoshi.

Ukitaka kupima asidi, tafuta vikaratasi vya pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) vya kati ya 5 na 8 kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Hapa haraka ni ya lazima. Chovya mara tu mate yanapotoka, kwa sababu yakikaa wazi gesi ya kaboni dayoksaidi hutoroka na pH hupanda yenyewe. Mate ya kutulia mara nyingi huwa kati ya 6.2 na 7.6. Mpaka wa hatari kwa enameli ni karibu na 5.5, chini ya hapo madini huanza kuyeyuka. Mzizi wa jino, unaoachwa wazi ufizi ukirudi nyuma, huanza kuyeyuka mapema zaidi, karibu na 6.2 hadi 6.7. Ndiyo sababu mvutaji mwenye fizi zilizorudi nyuma hutobokwa na meno kwenye shingo ya jino na si juu pekee.

Turudi kwa ile peremende. Katika miaka ya 1940, Robert Stephan wa Marekani alipima asidi kwenye utando wa meno baada ya sukari, akakuta inashuka ndani ya dakika chache na huchukua kama nusu saa au zaidi kurudi ilipokuwa. Anayevuta fegi kumi na kunyonya peremende kumi za sukari amejiletea mashambulizi kumi ya asidi kwa siku, kwenye mdomo ambao kinga yake ya peroksidesi imeshabanwa. Ongeza chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari kati ya fegi na fegi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, lakini zinauzwa hivyo, na anayenunua moja moja huzitawanya siku nzima. Kwa mate hiyo ni hasara, maana hayapewi muda wa kujirekebisha. Kama ni lazima uweke kitu mdomoni, kiwe chingamu isiyo na sukari, ikiwezekana yenye zailitoli (kitu kitamu kisicho sukari ya kawaida), kwa dakika 10 hivi. Kutafuna huleta bikaboneti; kunyonya sukari huleta asidi. Dawa ya kusukutua yenye alkoholi nayo iache. Inakausha, na inawapa bakteria alkoholi ya kugeuza asetaldehidi.

Miraa na muguka pia hukausha mdomo, na desturi ya kuteremsha kwa soda huku fegi ikiwaka ndiyo njia ya haraka kuliko zote ninazozijua ya kuharibu shingo za meno. Maji ya kawaida kando ya mti wa miraa yanabadilisha mengi.

Kuhusu vipimo vya maabara. Anayetaka kujua kama mtu anavuta anaweza kupima thiosayaneti kwenye mate, lakini kwa walaji wa huku kipimo hicho kinapotosha. Kabichi na sukuma wiki huiongeza, na mihogo huiongeza zaidi, kwa sababu mihogo ina sayanidi yake yenyewe ambayo mwili huishughulikia kwa njia ile ile. Kipimo cha kuaminika ni kotinini, kile nikotini inachogeuka mwilini. Nikotini hupungua nusu kwa saa mbili hivi. Kotinini huchukua saa 16 hadi 20. Kwa hiyo fegi ya jana jioni bado inaonekana leo mchana. Kotinini haitofautishi sigara na chingamu ya nikotini, hivyo anayetumia tiba aseme mapema. Na huonekana pia kwenye mate ya watoto wanaoishi na mvutaji nyumba moja, watoto ambao hawajawahi kushika fegi. Hilo linanihuzunisha kila mara.

Sasa hiyo chingamu ya nikotini. Nikotini hupita kwenye ngozi laini ya shavu ikiwa tu haina chaji ya umeme. Kwenye pH ya 8, nusu yake iko huru. Kwenye pH ya 6, ni kama asilimia moja tu. Wazee wanaotafuna tumbaku na magadi walilijua hili bila kemia: magadi hupandisha pH, na tumbaku "inakamata". Vifuko vidogo vya nikotini vinavyowekwa kati ya mdomo na ufizi hutegemea kanuni hiyo hiyo. Moshi wa sigara za kawaida una asidi kidogo, ndiyo maana lazima uvutwe hadi mapafuni, tofauti na moshi wa kiko au siga, unaonyonywa mdomoni.

Chingamu ya tiba imetiwa chumvi za kupandisha pH ya mate, lakini ukiinywea soda au kahawa, asidi ya kinywaji huishinda na nikotini haipiti. Mtu husema dawa ni bandia, kumbe soda ndiyo iliyoizuia. Usile wala usinywe chochote isipokuwa maji kwa dakika 15 kabla, na wakati wote ikiwa mdomoni. Tafuna polepole hadi usikie ukali kama wa pilipili, kisha iegeshe kati ya shavu na ufizi hadi ukali uishe. Tafuna tena kidogo, iegeshe upande wa pili, na uendelee hivyo kwa nusu saa. Ukiitafuna kama chingamu ya dukani, nikotini yote itamwagika kwenye mate, utaimeza, utapata kwikwi na kiungulia, na ini litaiharibu sehemu kubwa kabla haijafika kwenye ubongo. Anayevuta fegi ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka kwa kawaida huanza na ya miligramu 4, wengine 2.

Ukiacha, mate hurudi kwa awamu. Nikotini huondoka ndani ya siku moja, kotinini ndani ya siku chache, thiosayaneti huchukua wiki kadhaa. Wiki mbili za kwanza wengi hupata vidonda vidogo mdomoni, na wengine fizi zao huanza kutoa damu wakipiga mswaki. Hapo ndipo watu hutishika na kurudia sigara. Damu hiyo haikuletwa na kuacha. Nikotini ilikuwa imebana mishipa na kuficha ugonjwa wa fizi uliokuwepo. Sasa mishipa imefunguka na ugonjwa unaonekana. Nenda ukaondolewe ukoga, piga mswaki mara mbili kwa dawa yenye floridi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, tema povu na usisukutue kwa maji baada yake. NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana laini ya bure, 1192, kwa anayetaka kuongea na mtu.

Na leo jioni simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu, tazama kaakaa. Kwa mvutaji wa muda mrefu, hasa wa kiko, unaweza kukuta limekuwa jeupe kijivu na vidoa vyekundu vya saizi ya kichwa cha pini. Vile vidoa ni midomo ya vijitezi vya mate, imevimba kwa joto la moshi. Mara nyingi hupotea mtu akiacha. Kisha inua ulimi utazame chini yake, uuvute kwa kipande cha shashi ukague kingo zote mbili hadi nyuma. Hapo ndipo mate hutuama pamoja na kila kilichoyeyuka ndani yake, na hapo ndipo saratani ya mdomo hupenda kuanzia. Baka jeupe au jekundu, uvimbe mgumu, au kidonda ambacho hakijapona kwa wiki mbili, hata kama hakiumi, kionwe na daktari wa meno wiki hiyo hiyo.